Shajara ya Kaunti ya Macon: kitovu cha nani kimezikwa huku?

6 Januari

Leo nimenunua kadi ngumu 200, zenye mistari upande mmoja, na nimelitoa sanduku la viatu chini ya kitanda. Basi mradi umeanza, baada ya miaka ya "nitaandika, nitaandika".

Kazi ni hii: kijitabu cha Kiswahili, kurasa 40 hivi, juu ya watu mashuhuri na historia ya Kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, Marekani. Kila ninayemwambia hapa Wundanyi ananirudishia swali lilelile: "Mwalimu, kwani watu wa Taita wamekwisha?" Hawajaisha. Aliyenitia hamu ni babu yangu. Miaka ya 1930 alisomea Jeanes School, Kabete, yeye na nyanya pamoja, maana shule ile ilipokea mume na mkewe: mume afundishwe kuzungukia na kusaidia shule za vijijini, mke afundishwe usafi wa nyumba na malezi. Katika daftari lake, kati ya vipimo vya choo cha shimo na maelezo ya kuchoma matofali, kuna neno moja la penseli lililopigiwa mstari mara mbili: Taskigi.

Shule ya Kabete ilifunguliwa 1925. Mwaka mmoja kabla, tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa elimu wa Marekani, ilikuwa imepita Afrika Mashariki ikikagua elimu, na ndani yake alikuwamo Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ile ilikuja na mfano wake mkononi. Mfano wenyewe ulikuwa chuo cha watu weusi cha Tuskegee, mji ulio makao makuu ya Kaunti ya Macon. Hata tume haijafika, Harry Thuku alikuwa ameshawaandikia barua watu wa Tuskegee, mwaka 1921. Kwa hiyo choo cha babu yangu kina ukoo Alabama.

Jambo moja la kufafanua mapema. Msomaji wa Kenya akisikia "kaunti" atafikiria gavana na bunge la kaunti. Kule gavana ni wa jimbo zima. Kaunti ina makamishna wachache, sherifu anayepigiwa kura, na jaji wa mirathi ambaye ofisi yake ndiyo inayotunza hati za ardhi. Watu wote wa Macon waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 19,532.

14 Januari

Aibu. Jioni nne zimepotea.

Nilikuwa nimeshamwandikia kadi Little Richard, pande zote mbili, nikifurahi kwamba kijitabu kitakuwa na mwanamuziki wa kuwachangamsha vijana. Mpwa wangu, dereva wa lori anayeishi Montgomery, akanipigia: "Mjomba, huyo ni wa Macon nyingine." Macon ya Little Richard ni mji, uko Georgia, tena hauko hata katika Kaunti ya Macon ya huko Georgia, uko Kaunti ya Bibb. Na kaunti zenye jina la Macon ziko 6: Alabama, Georgia, Illinois, Missouri, North Carolina na Tennessee. Zote zimepewa jina la mtu mmoja, Nathaniel Macon, mwanasiasa wa North Carolina.

Yaani kaunti niliyoichagua imebeba jina la mtu asiyekuwa wake. Iliundwa 18 Desemba 1832. Machi ya mwaka huohuo Wamuskogee, ambao Wazungu waliwaita Creek, walikuwa wametia sahihi mkataba wa Cusseta wakiachia ardhi yao iliyobaki mashariki ya mto Mississippi. Kufikia 1836 jeshi lilikuwa linawasukuma kwenda magharibi, nchi ambayo leo ni Oklahoma. Mji wao mmoja wa zamani ndio uliowaachia walowezi jina la Tuskegee, na wataalamu wanaoandika jina la Kimuskogee huliandika hivi: Taskigi. Herufi kwa herufi kama lilivyo katika daftari la babu. Yeye aliandika alivyosikia tu, kwa sikio la Kitaita, akarudi kwa wenyewe bila kujua.

Kadi ya Little Richard nimeigeuza kuwa alama ya kurasa.

28 Januari

Nimekwama kwenye kanuni. Mtu mashuhuri wa Macon ni nani? Nilidhani jibu ni jepesi: aliyezaliwa huko. Kwetu mtu akiulizwa kwao, hutaja palipozikwa kitovu chake, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nikaanza kupanga kadi kwa kanuni hiyo. Rosa Parks, kazaliwa Tuskegee 4 Februari 1913, baba seremala, mama mwalimu. Vizuri. Lakini akiwa bado mtoto mchanga familia ilihama, akalelewa Pine Level, Kaunti ya Montgomery, na lile basi alilokataa kusimama ili Mzungu akae lilikuwa Montgomery mjini. Zora Neale Hurston, mwandishi, kazaliwa Notasulga 7 Januari 1891, akahamishiwa Eatonville, Florida, akiwa mdogo mno. Huyu alizidisha: maisha yake yote aliwaambia watu kwamba amezaliwa Eatonville, na umri akaupunguza miaka kumi au zaidi. Kitovu chake alikizika upya mahali alipopenda mwenyewe. Notasulga nayo iko nusu Macon, nusu Kaunti ya Lee.

Kisha nikatazama walioijenga Macon ikajulikana hadi Kabete. Booker T. Washington, mkuu wa kwanza wa chuo: kazaliwa Kaunti ya Franklin, Virginia. George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo: Missouri. Robert R. Taylor, msanifu aliyehitimu chuo cha teknolojia cha MIT mwaka 1892 na kuchora majengo ya chuo: Wilmington, North Carolina. Monroe Work, aliyefika 1908 na kukaa miaka akikata habari magazetini na kuhesabu watu weusi waliouawa na makundi ya Wazungu: North Carolina pia. Wote watu wa kuja.

Sasa nina mafungu mawili mezani. La kwanza ni la waliozaliwa wakaondoka na la pili la waliokuja wakabaki. Yamekaribia kulingana. Nahisi kuna fungu la tatu ambalo halina kadi hata moja.

11 Februari

Wiki mbili juu ya matofali. Sijutii.

Washington alifika Juni 1881, kijana wa miaka 25, akitarajia kukuta shule. Alikuta ahadi ya dola 2,000 kwa mwaka kutoka kwa serikali ya jimbo, nazo za mishahara peke yake. Hakuna ardhi, hakuna jengo. Shule ikafunguliwa 4 Julai katika kibanda kando ya kanisa la watu weusi, wanafunzi 30. Paa lilivuja hata mwanafunzi mmoja akawa anaacha masomo yake na kumshikia mwalimu mwavuli. Baadaye wakapata shamba la zamani la watumwa, ekari 100, nyumba kubwa ya bwana imeshaungua.

Wakaamua kufyatua matofali yao wenyewe. Anayejua kuchoma matofali anajua kwamba kufyatua si kazi. Kazi ni tanuri. Usipopanga njia za moto sawasawa, au usipolikandika nje kwa udongo likashika joto, unafungua baada ya siku kadhaa unakuta katikati yameungua na pembeni mabichi. Tanuri lao la kwanza liliharibika. La pili likaharibika. La tatu lilikuwa linakaribia kuiva, likaporomoka usiku wa manane. Pesa zimekwisha, walimu wanasema tuache. Washington akachukua saa yake, akaenda nayo Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15. Tanuri la nne likaiva. Muda wa kuikomboa saa ulipofika hakuwa na pesa, ikapotea.

Babu alikuwa na ukurasa mzima wa tanuri, wenye mchoro, na chini yake ameandika: "Usikate tamaa likianguka." Nilikisoma kisa cha saa ndipo nikajua aliambiwa nini Kabete.

Ila katika kufuatilia zile dola 2,000 nimempata mtu ambaye karibu nimpite. Lewis Adams, fundi wa bati, viatu na hatamu za farasi, aliyezaliwa mtumwa, akajua kusoma. Mwaka 1880 W. F. Foster, mgombea wa useneti wa jimbo, alikuja kumwomba awaletee kura za watu weusi wa kaunti. Adams alitaka shule. Wakakubaliana, Foster akashinda, sheria ikapitishwa. Washington aliitwa kuja kufanya kazi ambayo fundi bati alikuwa ameshaipatia fedha. Kadi ya kwanza ya fungu la tatu.

18 Februari

Fupi leo, kichwa kinauma. Carver: alifika 1896, akakaa hadi kufa kwake Januari 1943, kazikwa kando ya Washington. Nimefuta sentensi niliyoikuta kila mahali, kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli. Kinachonihusu mimi ni gari la kukokotwa na nyumbu, lililotengenezwa 1906 kwa fedha za Morris Jesup, likipeleka zana na mbegu kwa wakulima ambao wasingefika chuoni. Thomas Campbell ndiye aliyekuwa akienda nalo. Babu alikuwa na baiskeli badala ya nyumbu, lakini wazo ni hilohilo.

Marubani weusi wa vita ya pili: darasa la kwanza lilianza Tuskegee Julai 1941 na vijana 13, wakahitimu 5 mwezi wa Machi 1942. Wengi wa kuja, wote wa kuondoka. Kadi moja ya pamoja inatosha.

Lionel Richie kazaliwa Tuskegee 1949, akakulia chuoni. Binti yangu ameniambia kijitabu kisichokuwa na Richie hatakisoma. Redio zetu Jumapili jioni zinamtosha, lakini haya, kadi anayo.

3 Machi

Nimeshinda na rula, penseli na kifutio nikichora umbo lenye pande 28.

Hadithi yake: mpaka wa mji wa Tuskegee ulikuwa mraba. Katiba ya Alabama ya 1901 ilikuwa imewanyang'anya watu weusi kura, ile kura ambayo Lewis Adams aliibadilisha na shule. Wachache wakawa wanairudisha polepole, wakiongozwa na Charles Gomillion, mhadhiri wa sosholojia aliyekuja kutoka South Carolina mwaka 1928, na chama chao cha kiraia kilichoundwa 1941. Walipofika 400 hivi katika daftari la wapigakura wa mji, Wazungu wakaona hatari. Mwaka 1957 bunge la jimbo, kwa mswada wa seneta Sam Engelhardt, likauchora upya mpaka wa mji. Umbo jipya lilikuwa na pande 28. Lilikwepa nyumba hii, likazunguka ile, likakiacha chuo nje. Katika wale 400 wakabaki ndani 4 au 5. Mpigakura Mzungu hata mmoja hakutolewa.

Nimejaribu kuuchora ule mpaka kwa mkono ili nione aliyeuchora alikuwa anafikiria nini. Pande 10 za kwanza unaweza kujidanganya kwamba unafuata mto au barabara. Ukifika wa 15 mkono wenyewe unakuambia kwamba hapa unakwepa watu. Nimeharibu karatasi tatu.

Watu weusi wakaacha kununua katika maduka ya Wazungu, na baadhi ya maduka yalifunga. Gomillion akamshtaki meya, Philip Lightfoot, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatolewa 14 Novemba 1960, majaji wote kwa upande wake. Nilipokuwa naandika tarehe nikashtuka, nikarudi kwenye kadi ya Washington: alifariki 14 Novemba 1915. Miaka 45 kamili. Wako watakaosema ni bahati tu. Mimi nimeiandika pembeni kwa wino mwekundu.

Kadi nyingine ya leo, nimeandika taratibu. Sammy Younge, kazaliwa Tuskegee, ametumikia jeshi la wanamaji, mwanafunzi wa chuo. Usiku wa 3 Januari 1966 alitaka kutumia choo cha Wazungu katika kituo cha mafuta, akapigwa risasi. Umri miaka 21. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, kaunti ya jirani, likamwachilia muuaji Desemba ya mwaka huohuo. Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo wapigakura wa Macon walikuwa wamemchagua Lucius Amerson kuwa sherifu, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kazi hiyo Kusini mwa Marekani tangu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikaa hadi 1987.

16 Machi

Fungu la tatu limepata watu 600 kwa mpigo, na sijui la kufanya.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikusanya wanaume weusi wa kaunti hii, wengi wakulima wa kukodi mashamba kwa sehemu ya mavuno. Wenye kaswende 399, wasio nayo 201. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakutibiwa. Madaktari walitaka kuona ugonjwa unavyomla mtu hadi mwisho, kisha wampasue. Penisilini ilipokuwa imeenea kama dawa ya kaswende, mwishoni mwa miaka ya 1940, wao hawakupewa. Mambo yakaendelea hadi 1972, miaka 40, mpaka Peter Buxtun, aliyekuwa mtumishi wa idara hiyo, alipowapa habari waandishi, na Jean Heller wa shirika la habari la AP akaitoa Julai.

Hapa lazima nisahihishe kitu ambacho nimekisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba waliambukizwa kwa sindano. Hapana, ugonjwa walikuwa nao. Kosa ni kunyimwa dawa na kudanganywa, nalo linatosha, halihitaji chumvi.

Lakini kilichonikalisha kimya ni chambo. Walipewa usafiri wa gari siku ya kupimwa, mlo wa moto, na pesa za mazishi endapo familia ingekubali maiti ipasuliwe. Pesa za mazishi! Mtu yeyote wa hapa aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi, daftari la michango mkononi, jeneza halijalipwa, gari halijalipwa, anaelewa mkulima yule alikubali nini na kwa nini. Sikuhitaji mtaalamu wa Marekani kunieleza.

Mwaka 1974 serikali ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi iliyofunguliwa kwa jina la Charlie Pollard. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Clinton aliomba radhi Ikulu, watano kati ya waliobaki hai wakiwamo ukumbini, na Herman Shaw, mzee wa miaka 94, akazungumza kwa niaba yao. Wa mwisho, Ernest Hendon, alifariki Januari 2004. Alikuwa na miaka 96.

Hawa hawakuzaliwa wakaondoka, wala hawakuja. Walikuwapo. Kila orodha ya watu mashuhuri wa Macon niliyoiona haina hata mmoja wao.

24 Machi

Mpwa amepata mzigo wa kupeleka upande wa Auburn, akachepuka hadi Notasulga, penye kanisa la Shiloh na jengo la shule ya Rosenwald, zile shule za watoto weusi zilizojengwa kwa fedha za Julius Rosenwald na michango ya wanakijiji wenyewe. Katika makaburi ya Shiloh wamezikwa baadhi ya wale 600. Akanipigia akiwa kando ya barabara, lori linanguruma nyuma yake.

"Mjomba, nipige picha makaburi?"

Nikamwambia apige picha ya shule. Makaburi ayapite kwa adabu tu.

"Kuna mzee hapa ananiuliza natoka wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

Alimwambia Kenya. Mzee akamuuliza kama kwao wanalima pamba. Wamezungumza dakika ishirini, na mpwa hakukumbuka kumuuliza lolote nililomtuma.

31 Machi

Leo nimetandaza kadi zote sakafuni. Nilikuwa natafuta namna ya kuyapanga mafungu matatu yasionekane kama vitabu vitatu, nikaona jina moja linajirudia katika kadi ambazo hazihusiani. Fred Gray, wakili. Alimtetea Rosa Parks Montgomery; Rosa alipokamatwa, wakili huyu alikuwa na miaka 24. Alisimama na wakili Robert Carter kwa ajili ya Gomillion mbele ya Mahakama ya Juu. Ndiye aliyefungua kesi ya Pollard na wenzake. Aliyezaliwa akaondoka, aliyekuja akabaki, waliokuwapo: mteja mmoja katika kila fungu. Na yeye kitovu chake kiko Montgomery, maisha yake yako Tuskegee.

Basi kijitabu kitafuata kesi zake, na wengine wataingia njiani kila mmoja mahali pake. Adams atafungua. Washington hatafungua, hata kama watu watanilaumu. Richie nitampa kisanduku chake pembeni, ahadi ni ahadi.

Jalada nimelibadilisha pia. Lilikuwa "Watu Mashuhuri wa Kaunti ya Macon". Nimefuta neno moja, linasomeka "Watu wa Kaunti ya Macon".

Kwa wale 600 bado. Kadi moja naona ni dharau, na kadi 600 sina. Kwa sasa nimetenga kurasa mbili zinazoelekeana katikati ya kijitabu, pale penye pini, ambapo kikifunguliwa hufunguka chenyewe.

Kurasa zilizokwisha: 23. Kadi zilizobaki: 71. Mpwa atapita tena wikendi ya pili ya Aprili, na nimemwandikia maswali ya yule mzee kwenye ujumbe ili asisahau. La kwanza ni kama amewahi kusikia mtu akilitamka Taskigi.